Kinga ya Jua Iliyotoka Kwenye Matumbawe

Kila inapofika Juni 13, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino, hoja ya losheni ya jua hurudi, na Eldoret ina haki ya kuipigia kelele kuliko miji mingi. Tuko karibu na ikweta, mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za kupanda huzidisha miale ya urujuanimno kwa takriban asilimia 10. Baridi ya asubuhi hutudanganya. Ajabu ni kwamba kinga mojawapo ya miale hiyo ilionekana kwanza chini ya maji. Mwaka 1969 Mjapani Kazuo Shibata, akiyachunguza matumbawe ya Great Barrier Reef, Australia, aliandika juu ya kitu kinachofyonza urujuanimno karibu na nanomita 320. Akakiita S-320, jina la namba tu, kama gari lisilo na mwenyewe. Kumbe ndicho kinachoyasaidia matumbawe kushinda juani kwenye maji ya kina kifupi bila kuungua. Miaka ya 1980 Walter Dunlap na Bruce Chalker wakaonyesha kuwa ni jamii ya amino asidi, ambazo mwani mwekundu nao unazo. Leo mwani aina ya Porphyra hutolewa kiungo cha losheni huko Uswisi.

Mwani mwekundu sisi tunao. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliupigia debe tangu miaka ya 1970; mwaka 1989 Paje na Jambiani, Zanzibar, zikaanza kuulima kwenye kamba, kazi iliyoshikwa zaidi na wanawake, na baadaye Kibuyuni, Kwale. Huanikwa, hushindiliwa magunia, husafirishwa ukiwa ghafi ili ukatolewe ute wa kugandishia vyakula na vipodozi vya wengine. Atasema mwenye shaka kwamba mwani wa Paje si Porphyra, na sabuni ya mwani haizuii jua. Ni kweli, na anayeiuza kwa madai kwamba inazuia anahatarisha ngozi za watu: mwenye ualbino anahitaji losheni iliyopimwa, SPF 30 au zaidi. Lakini Kilisun, losheni iliyozaliwa hospitali ya KCMC, Moshi, imeshaonyesha kwamba kuchanganya na kupima tunaweza. Iliyobaki ni kazi ya maabara juu ya mwani wetu, na Eldoret, yenye vyuo vikuu viwili na hospitali ya rufaa, haina sababu ya kuingoja Mombasa ianze.