Nuru ya Buluu ya Goiânia

Siku ya 13 Septemba 1987, katika mji wa Goiânia, bara ya Brazili, waokota vyuma wawili waliingia katika magofu ya zahanati iliyohamwa, wakaing'oa mashine ya kutibia saratani iliyoachwa humo bila ya mlinzi, na kiini chake kikafika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye usiku aliona nuru ya buluu ikitoka ndani yake, akaidhania johari, akawaita jamaa na majirani waje kuitazama. Na wapo waliojipaka unga wa kiini kile mwilini, kama wajipambao kwa sikukuu.

Ilikuwa seziamu, dutu yenye mionzi, isiyotimia gramu 100. Mke wa mnunuzi yule, alipoona watu wa nyumbani wanaugua mmoja baada ya mmoja, alishuku, akaipeleka kwa basi, imetiwa mfukoni, hata ofisi ya afya. Kesho yake akaitwa mtaalamu wa fizikia. Kipimo chake cha mionzi kiliruka hata mwisho kabla hajafika mlangoni, naye, akidhani kimeharibika, akarudi kutwaa kingine, na aliporejea alikuta wazima moto wamo katika shauri la kuutupa mfuko ule mtoni.

Serikali ikawakusanya watu katika kiwanja cha michezo, wakapimwa zaidi ya 112,000, wakaonekana 249 waliopatwa, wanne walifariki. Lakini khofu ilisafiri mbali kuliko sumu, kwani wataalamu, waliokuwa hodari wa kuhesabu, walisema na raia kwa lugha ya hesabu. Hata mazishi yakapokewa kwa mawe, mazao ya jimbo la Goiás yakakosa wanunuzi, na msafiri akalazimika kuchukua cheti cha kuthibitisha kwamba mwili wake ni safi. Simu ya maulizo, iliyojibiwa usiku na mchana, nadhani ilituliza nyoyo nyingi kuliko hotuba.

Tena iko ile alama ya mapanga matatu ya kuonya juu ya mionzi, iliyobuniwa Berkeley, Marekani, mwaka 1946: asiyefundishwa maana yake huona pangaboi tu. Ndipo mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipotoa alama nyingine, pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu la kichwa na mtu akimbiaye, baada ya kuwaonyesha watu wa nchi 11, Kenya ikiwamo. Nayo hubandikwa ndani ya mashine, karibu na kiini, mahali asipoweza kuiona mtu ila yule aliyekwisha anza kuifungua.