Kaburi la Usiku: Historia ya Kimya Kinachowazunguka Waliojiua

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, mama aliyejiua hakuliliwa kama wafu wengine. Matanga yalikatizwa, jina lake hakupewa mjukuu, na watoto wake waliweza kukua wasionyeshwe kaburi. Mtoto wa namna hiyo akifika utu uzima na kuanza kuuliza, anabisha mlango uliofungwa zamani, kabla hata mama yake hajazaliwa.

Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake juu ya Waganda kilichotoka mwaka 1911, alieleza kwamba maiti ya aliyejiua ilipelekwa mbali na makazi, nyikani au kwenye njia panda, ikachomwa moto pamoja na mti alikofia au mbao za nyumba alimofia. Mambo hayakuishia hapo. Waliopita mahali pale baadaye walitupa nyasi au vijiti, mzimu usije ukawaandama. Njia ni ya wote, na watoto wa marehemu nao waliipita. Kwa Wajaluo maziko yalifanyika usiku, bila maombolezo, na mti alikofia marehemu ukakatwa. Kwa Waluhya mti kama huo ulichomwa. Haukuwa ukatili mtupu. Watu waliamini kwamba kifo hicho kina uchafu unaoweza kuingia katika ukoo mzima, wakataka kuukomesha pale pale. Ila kilichokatwa pamoja na mti ni habari za marehemu mwenyewe.

Pwani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Uislamu unaharamisha kujiua, lakini wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waswahili, walishikilia kwamba marehemu huoshwa, husaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu wenzake. Mkubwa wa mji au imamu ndiye aliyeweza kujizuia kumsalia, ili walio hai waonyeke. Kanisa Katoliki lilikuwa kali zaidi. Sheria zake za mwaka 1917 zilimnyima maziko ya kanisa aliyejiua kwa kukusudia, na katazo hilo halikuondolewa mpaka sheria mpya za mwaka 1983. Familia nyingi za Kikatoliki zilizika katika miaka hiyo bila padre.

Juu ya hayo yote ikaja sheria ya Waingereza. Kwao nako, mpaka mwaka 1823, aliyejiua aliweza kuzikwa njia panda, mwili umepigiliwa kigingi, na mpaka mwaka 1870 mali yake iliweza kutwaliwa na Ufalme. Kujiua kuliendelea kuwa kosa la jinai Uingereza hadi mwaka 1961. Kufikia wakati huo kosa la kujaribu kujiua lilikuwa limekwisha kuandikwa katika Kanuni za Adhabu za makoloni: Kenya katika Kifungu cha 226, Tanganyika katika Kifungu cha 217. Aliyejaribu akanusurika aliweza kushtakiwa. Kwa hiyo pale ambapo desturi iliogopa mzimu, sasa kulikuwa na askari pia, na familia zikapata sababu nyingine ya kusema kwamba marehemu “aliugua ghafla.”

Kwamba maneno hayo humdhuru mtoto lilionyeshwa kwa utafiti mwaka 1966. Nchini Marekani, Albert Cain na Irene Fast waliwachunguza watoto 45 waliofiwa na mzazi kwa kujiua. Karibu robo yao walikuwa wameshuhudia kwa macho yao sehemu ya tukio, kisha mzazi aliyebaki akawashinikiza waamini kwamba hawakuona walichoona: ni ugonjwa, ni ajali, uliota tu. Mwaka 1979 daktari wa Kiingereza John Bowlby aliutumia utafiti huo kueleza jinsi mtoto anavyofunzwa kutojua anachojua. Mtoto kama huyo hatilii shaka watu wazima peke yao; anajitilia shaka yeye mwenyewe. Wengi hukua wakidhani wao ndio waliomchosha mama.

Njia ya kutafuta ukweli nayo ina historia yake. Mwaka 1958 Edwin Shneidman na wenzake walifungua kituo cha kuzuia kujiua mjini Los Angeles. Mchunguzi mkuu wa vifo wa kaunti alipokuwa na vifo asivyoweza kuvieleza, aliwaomba wamsaidie. Walikwenda kwa jamaa, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, wakauliza: alilala vipi, alikula, alikuwa na nani, alisema nini wiki za mwisho? Majibu hayakuelekea sababu moja. Aghalabu ugonjwa wa akili usiotibiwa ulikutana na msiba, madeni au upweke, na uchungu ukaziba njia nyingine zote machoni pa mgonjwa. Mtu mzima anayezunguka leo kwa mama wakubwa, mashangazi na jirani wa zamani wa mama yake anafanya kazi ile ile, naye hastahili kuambiwa anafukua makaburi.

Sheria imeanza kulegea. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba Kifungu cha 226 kinapingana na Katiba, kwa kuwa kinamwadhibu mtu kwa sababu ya ugonjwa. Tanzania na Uganda, siku hiyo, zilikuwa bado na kosa hilo vitabuni. Lakini habari za mama haziko mahakamani. Ziko kwa watu waliomjua, ambao wengi wao ni wazee sasa. Mtoto akija kuuliza, wamwambie.