Hakukuonekana Mhunzi Katika Nchi

Wengi mmeuliza kuhusu zile picha za safari ya vijana wetu wa Ndara, hasa ile ambayo mchungaji wenu ameketi chini amefunikwa na masizi. Leo nitaeleza, na pia nina jambo la kukiri.

Tulitoka Voi alfajiri, tukapita Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta, tukavuka mpaka Holili, kisha tukapanda Marangu, chini ya Kilimanjaro. Huko wako Wachagga ambao bado wanafua chuma kama walivyofanya mababu zao, na wageni huruhusiwa kuketi na kutazama. Mzee aliyetupokea alitusalimia, akaendelea na kazi yake. Hakuwa mtu wa hotuba.

Mivukuto yake ni viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, vinavyopeleka upepo kwenye makaa kupitia mrija wa udongo. Mkono mmoja unabonyeza huku mwingine ukiinua, bila kupumzika. Kijana wetu mmoja, hodari sana wa kupiga ngoma kanisani, aliomba kujaribu. Alidhani ni mdundo tu. Hata dakika mbili hazikuisha kabla moto haujafifia na mikono yake kugongana. Mzee akacheka, akamwita mjukuu wake wa kama miaka kumi, na moto ukawaka tena.

Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha springi ya gari. Mzee alikitazama rangi. Kikiwa chekundu iliyoiva alikiacha, kikikaribia rangi ya chungwa alikishika kwa koleo, akakiweka kwenye fuawe, akapiga. Ndiyo maana karakana yake ina giza: juani huwezi kuona rangi ya chuma vizuri, na ukikosea rangi unaharibu kazi. Baada ya muda tulikuwa tunatazama kisu.

Nikamuuliza, "Mzee, zamani kabla ya magari, chuma kilitoka wapi?" Akaelekeza nyundo upande wa kusini. "Ugweno," akasema.

Wapendwa, Ugweno si mbali na sisi. Ukisimama upande wetu wa Ziwa Jipe, milima ya Upare wa Kaskazini iko mbele yako, ng'ambo ya maji. Huko ukoo wa Washana ndio waliokuwa wahunzi, na masimulizi ya Wapare yanasema kwamba zamani walikuwa pia watawala, hadi Wasuya walipowapindua. Profesa Isaria Kimambo ameandika habari zao katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969. Ugweno walijua kuyeyusha chuma, na Wachagga walikinunua kwao ili kufua mikuki na majembe.

Kisha karne ya 19 misafara kutoka pwani ikaleta mizigo ya waya wa chuma, na mhunzi akaona ni rahisi kufua waya kuliko kuhangaika na tanuru. Baadaye yakaja majembe ya dukani. Reli kutoka Mombasa ilipopita kwetu Voi, miaka ile kabla ya 1900, chuma cha Ulaya kikalala chini ya miguu yetu. Tanuru zikazimika moja baada ya nyingine. Ujuzi wenyewe haukufa siku moja. Kule Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika miaka ya 1970 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwakuta wazee waliokuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miongo mingi. Wazee wakajenga tanuru upya kwa kumbukumbu tu, na mwaka 1978 taarifa yake ikachapishwa katika jarida la Science huko Marekani. Wangechelewa kidogo, wazee wale wangezikwa na maarifa yao.

Pale Marangu nilikumbuka 1 Samweli 13, mstari wa 19 hadi 22. Someni wenyewe jioni hii. Wafilisti hawakuacha mhunzi katika Israeli, na kila mtu aliyetaka kunoa jembe au shoka alilazimika kuteremka kwao na kulipa. Siku ya vita, ni Sauli na Yonathani tu waliokuwa na silaha ya kushika.

Nimehubiri maandiko hayo mara nyingi. Sasa nikiri.

Babu yangu alikuwa mhunzi, kule juu Sagalla. Nilipookoka nikiwa kidato cha pili, nilirudi nyumbani na moto mwingi na hekima kidogo. Niliwaambia wote kwamba kiwanda cha babu ni madhabahu ya mapepo. Ni kweli alikuwa na mambo yake: kabla ya kazi kubwa alichinja kuku, na watu waliogopa laana ya nyundo yake. Tambiko lile nalikataa hadi leo. Lakini sikutenganisha. Mivukuto ilitupwa kwenye korongo, na babu hakunijibu neno. Msimu uliofuata alishuka Voi kununua jembe dukani kama kila mtu.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyehudumu Uchaggani, alichapisha makala nzima juu ya mhunzi wa Kichagga mwaka 1912. Laana na imani zote zilikuwepo, naye aliketi, akauliza, akaandika. Mimi, mjukuu wa damu, sikuuliza hata swali moja. Sijui babu alijifunza kwa nani, wala rangi gani ya chuma alikuwa akiisubiri.

Jana nilimpigia simu shangazi kule Sagalla. Nyundo ya babu bado ipo, inazuia mlango wa banda la mbuzi. Nikamwomba asiwape wale wanaopita wakinunua vyuma vikuukuu, nitapanda Jumamosi kuichukua.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mchungaji, si wewe uliyesema ni ya shetani?"