Halmashauri Inayokubali Kubanwa: Imani ya Wakazi katika Manispaa za Kinondoni na Temeke

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, eneo lililokuwa bado pembezoni mwa mji, waliifikisha Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mbele ya Mahakama Kuu. Jiji lilikuwa limegeuza eneo lao kuwa jalala. Taka ziliungua, moshi, harufu na nzi vikaingia majumbani. Mahakama iliwapa wakazi haki. Jiji likaomba muda wa kutafuta mahali pengine, likapewa. Ulipokwisha likaomba mwingine. Ndipo Jaji Lugakingira alipokataa, akieleza kwamba kuwalazimisha watu kuishi ndani ya moshi ule ni kuwavunjia haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Wanasheria hulisoma shauri hili, namba 299 la mwaka 1988, kwa ajili ya sheria ya mazingira. Mimi nalisoma kwa sababu ya kilichofuata. Kutokana na mapambano yale ulizaliwa Mfuko wa Maendeleo wa Tabata, na wakazi waliokuwa wamelishinda Jiji mahakamani wakaanza kushughulikia barabara na huduma za mtaa wao, wakizungumza na Jiji lilelile.

Hoja ya makala haya inatoka hapo. Mijadala yetu kuhusu imani kati ya halmashauri na wananchi huanza na neno "elimu": wananchi waelimishwe umuhimu wa kulipa ushuru, waelimishwe kuhusu miradi, waelimishwe kuhudhuria mikutano. Ninaona kwamba mkazi wa Chamazi au Bunju hana upungufu wa elimu katika jambo hili. Anajua vizuri sana kwamba akitoa fedha yake, hana njia ya kuifuatilia, na kwamba akiahidiwa jambo, hana mtu wa kumbana. Kutoamini kwake ni hitimisho la mtu mwenye akili timamu. Halmashauri itaaminiwa tena pale itakapompa mkazi uwezo wa kuibana, na kuacha uwezo huo ufanye kazi hata siku ambayo unaiumiza.

Wakazi tunaowazungumzia ni wengi. Sensa ya 2022 iliikuta Temeke ina watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328, baada ya Ubungo na Kigamboni kumegwa kutoka humo na kuwa wilaya zenye manispaa zao. Ukuaji umekuwa mkubwa zaidi pembezoni: Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa kusini, Wazo, Bunju na Mabwepande upande wa kaskazini. Wengi wa wakazi wa huko walinunua kiwanja kutoka kwa mwenye shamba, kwa hati ya mauziano iliyogongwa muhuri na serikali ya mtaa. Hapo ndipo walipokutana na serikali kwa mara ya kwanza kama wakazi wapya, na wengi wanajua walichoombwa: ile "asilimia kumi" ya bei ya kiwanja ambayo viongozi wa mtaa wamezoea kuidai kwa kushuhudia mauzo, ingawa Waziri wa Ardhi William Lukuvi aliikemea hadharani alipokuwa madarakani. Baadaye huja hela ya barua ya utambulisho. Mara nyingi hakuna risiti. Mtu aliyeanza hivyo na serikali yake, halmashauri inapomtumia gari la matangazo kumhimiza alipe ada ya taka, anakumbuka.

Kuna tatizo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi. Mkazi hajui tena halmashauri yake inamiliki nini. Barabara ya mtaa wake iliyochimbika ipo chini ya TARURA, wakala wa barabara, tangu 2017. Maji ni ya DAWASA. Kodi ya jengo, ambayo katika miji mingi duniani ndiyo kamba inayomfunga mkazi na halmashauri, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 hukatwa anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ilipoanza. Ukusanyaji umekuwa rahisi, sikatai. Lakini anayekatwa mara nyingi ni mpangaji anayenunua umeme, na fedha inaondoka bila kutaja mtaa wala mfereji wowote. Mkurugenzi wa manispaa anateuliwa na Rais, na mkuu wa wilaya vilevile. Diwani amechaguliwa, ila akiulizwa kuhusu barabara hujibu kwa haki kabisa kwamba si yake.

Mmachinga ndiye aliyeonja mkanganyiko huu kwa uchungu zaidi. Kuanzia Desemba 2018 aliuziwa kitambulisho cha shilingi 20,000 kwa agizo la Rais, akaambiwa hatasumbuliwa. Oktoba 2021 aliondolewa barabarani. Aliyemuuzia kitambulisho na aliyemvunjia meza wote walikuwa serikali, na hakuna ofisi moja iliyowajibika kumweleza ilikuwaje.

Historia yetu inaonyesha kwamba mambo haya hayakuanza jana. Serikali za mitaa zilifutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972. Huduma za miji zikadorora, kipindupindu kikaingia, na mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978, kisha sheria kamili zikatungwa 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Katiba, katika ibara za 145 na 146, inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka yale yamekuwa yakipelekwa na kurudishwa, na kila yanaporudishwa juu mkazi hujifunza kwamba wa karibu naye si wa kumtegemea.

Ndiyo maana mkazi hushangilia mkubwa anapokuja. Waziri au mkuu wa mkoa hufika uwanjani Mbagala au Tandale, hukaa chini ya turubai, husikiliza kero moja baada ya nyingine, humwita mkurugenzi mbele ya umati na kumpa siku saba. Mama aliyedhulumiwa kiwanja anapata haki yake siku ile, na hakuna mwenye moyo atakayesema hakustahili kuipata. Lakini kila kero inayotatuliwa kwa njia hiyo huwafundisha mamia waliopo uwanjani kwamba ofisi ya mtaa, kata na manispaa si mahali pa kupeleka shida, subiri msafara. Halmashauri hutoka hapo ikiwa dhaifu kuliko ilivyoingia. Mikutano ya kero inapaswa kupimwa kwa swali moja: ni kero ngapi zilizoletwa kwa mkuu zilikuwa zimekwishapokelewa na kuandikwa katika ofisi ya mtaa? Kama ni nyingi, mwenye kujibu anajulikana. Kama ni chache, basi wakazi walikwishakata tamaa na ofisi hiyo zamani.

Msomaji makini atanipinga kwa mfano wa Tume ya Jiji. Mwaka 1996 serikali ililivunja baraza la Jiji lililochaguliwa na kuweka tume iliyoongozwa na Charles Keenja. Taka zilizolewa, mapato yakapanda, na watu wa Dar es Salaam, ambao hawakuichagua tume hiyo, waliisifu. Mwaka 2000 Keenja mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge wa Ubungo. Je, si kweli basi kwamba wakazi wanataka kazi tu, bila kujali nani anambana nani? Naukubali ukweli uliomo. Kazi inayoonekana ni sharti, na halmashauri isiyozoa taka haitaokolewa na mikutano mia. Ila imani ile ilimwendea mtu. Tume ilipomaliza muda wake na manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke zikaundwa, mkazi hakurithi chombo chochote cha kuhakikisha kwamba taka zitaendelea kuzolewa. Alirithi kumbukumbu ya mtu mchapakazi.

Hananasif, Kinondoni, ilirithi kitu tofauti. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wahisani wengine pamoja na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, wakazi wa eneo hilo lililokuwa likifurika walijenga mifereji ya maji ya mvua na kuboresha barabara zao. Walichimba kwa mikono yao wenyewe, kwa ujira, chini ya chama chao cha maendeleo, na baada ya ujenzi wakatoza magari yanayoingia ili kupata fedha za matengenezo. Mradi ulikuwa na kasoro zake, lakini kila aliyechimba alijua kina cha mfereji kilichokubaliwa, na kwa hiyo aliweza kusema pale ulipochimbwa pungufu.

Temeke nayo ina mfano wake. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, wenye nyumba walilipwa fidia na wapangaji hawakupata kitu. Baadhi ya wapangaji hao, wakiwa katika vikundi vya kuweka akiba, walinunua pamoja ekari 30 huko Chamazi na kuanza kujenga kwa ushirika, wakakubaliwa viwanja vidogo kuliko vipimo vya kawaida ili watu wengi wapate. Mamlaka zililegeza kanuni yao mbele ya watu maskini waliokuja na daftari la akiba mkononi.

Sasa weka pembeni yake mji mpya wa Kigamboni, wakati Kigamboni ikiwa bado sehemu ya Temeke. Mwaka 2008 eneo lilitangazwa kuwa la mpango, wakazi wakazuiwa kuendeleza nyumba na viwanja vyao, na zuio likaendelea miaka nenda rudi huku ramani zikibadilika. Mji ule haukujengwa. Nyumba zilibaki bila vyumba vya watoto waliokuwa wakikua, na majibu yalikuwa wizarani, mbali na ofisi ambayo mkazi angeweza kwenda kwa miguu.

Nije kwenye pingamizi kubwa kuliko yote: kwamba kuupa mtaa nguvu ni kuwapa nguvu walewale wa "asilimia kumi". Zoezi la urasimishaji wa makazi linaonekana kulithibitisha. Wakazi walichangishwa kupitia kamati za mitaa, kampuni za upangaji na upimaji zikalipwa, serikali ikaweka kikomo cha shilingi 150,000 kwa kiwanja, na bado maelfu wamesubiri hati kwa miaka. Lakini tazama walichokosa. Walikuwa na kamati na walikuwa na michango; hawakuwa na haki ya kusimamisha malipo kwa kampuni kabla kazi haijaonekana. Ushiriki uliishia kwenye kutoa.

Mikopo ya halmashauri, ambayo ni asilimia kumi nyingine kabisa, inatufundisha zaidi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri, na ni fedha ya halmashauri yenyewe. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, na iliporudi 2024 sehemu ya dawa ilikuwa kupitia benki. Benki itaangalia nyaraka. Kikundi hewa kina nyaraka nzuri kuliko kikundi cha kweli. Ni kwa nyaraka hizo kilipata fedha mara ya kwanza. Majina ya vikundi, wanachama wake na kiasi walichoomba yakisomwa katika mkutano wa mtaa kabla ya kuidhinishwa, na mkutano ukawa na mamlaka ya kukikataa kikundi, majirani watauliza mara moja: huyo anaishi wapi? Hakuna mkaguzi aliye bora kuliko jirani, mradi kauli yake iwe na nguvu ya kisheria, na mradi mkutano ufanyike Jumapili alasiri. Mkazi wa Mbagala anayetoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza kuwahi basi la Kariakoo hatahudhuria mkutano wa Jumatano saa nne asubuhi, na akidi inayopatikana saa hiyo ni ya watu walioitwa.

Haya yote yanategemea kwamba mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa wakazi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na viti karibu vyote vikaenda kwa chama kimoja. Mwaka 2024 chama hicho kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Msimamizi katika chaguzi hizo alikuwa mkurugenzi, mteule, jambo lililofikishwa mahakamani: Mahakama Kuu ililikataa Mei 2019 kuhusu uchaguzi mkuu, na Mahakama ya Rufani ikalirudisha Oktoba mwaka uleule. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, jiji lilipowekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, sioni jinsi mwandishi yeyote anavyoweza kuzungumzia imani na kulikwepa hili. Mwenyekiti anayejua kwamba kiti chake hakitegemei majirani hatawaogopa majirani. Halmashauri haiwezi kubadili sheria ya uchaguzi, na sitaitwisha mzigo huo.

Inaweza, hata hivyo, kuanza na bajeti ijayo. Kila mwaka mitaa huorodhesha vipaumbele kwa utaratibu wa fursa na vikwazo katika maendeleo: kalavati hapa, choo cha shule kule. Orodha hupanda kwenye kata, hupanda manispaa, hukutana na ukomo wa bajeti kutoka Hazina, na mengi hufutwa. Hakuna anayerudi kusema. Mwaka unaofuata watu walewale huulizwa tena vipaumbele vyao, na wanaojitokeza huwa wachache zaidi. Kinondoni na Temeke hazihitaji kibali cha mtu kumtuma ofisa arudi katika kila mtaa na orodha ileile, asome kilichokubaliwa na kilichokataliwa, ataje kiasi, ataje kama ni cha TARURA au cha DAWASA na jina la ofisi ya kuiona, abandike karatasi hiyo ukutani mwa ofisi ya mtaa, kisha akae ajibu maswali mpaka yaishe. Tabata watu walikubali kuzungumza na Jiji baada ya kuona kwamba linaweza kuambiwa hapana. Taka za Jiji zilizoondolewa kwao zilikwenda Vingunguti, kwa watu ambao hawakuulizwa. Nao walistahili kuambiwa, kabla ya lori la kwanza, ni nani aliyeamua na wapi pa kumpata.