Nyumba za Mawe za Lamu

Katika mazungumzo ya leo nataka kuwaeleza habari za nyumba za kale za mji wa Lamu, ulio katika kisiwa cha pwani ya kaskazini ya Kenya. Wageni wengi waendao kuzitazama husifu nakshi za milango, kisha huenda zao. Lakini afaaye kusifiwa ni nani? Tajiri mwenye nyumba, au yule aliyebeba mawe?

Kwanza tutazame mahali penyewe. Mji umejengwa katika mteremko wa upande wa mashariki wa kisiwa, ukielekea kisiwa cha Manda. Mvua inyeshapo, maji hushuka kwa mifereji ya vichochoroni hata baharini. Vichochoro ni vyembamba, wala wembamba huo si ujinga wa wajenzi. Kuta ndefu za pande mbili hutia kivuli, na mtu huweza kutembea pasipo kuchomwa sana na jua. Nyuma ya mji kuna mashamba ya minazi na miembe, na upande wa Shela kuna vilima vya mchanga. Mchanga huo hunywa maji ya mvua na kuyahifadhi chini, na kwa hayo visima hupata maji matamu. Bila vilima vile, mji mkubwa usingaliweza kukaa pale.

Pili, ujenzi wake. Nyumba nyingi zilizo bora zilijengwa katika karne ya 18, biashara ya Lamu iliposhamiri. Mawe ni ya matumbawe. Chokaa pia ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Na dari zilishikwa na boriti za mikoko. Boriti hizo haziwezi kuvuka zaidi ya futi 9 au 10, basi vyumba vikawa vyembamba na virefu. Hivyo mti wa pwani ndio uliotoa kipimo cha chumba cha tajiri.

Tatu, mpango wa ndani. Mgeni hupokewa kwanza katika daka, penye viti vya mawe mlangoni. Apitaye hapo hufika kiwanda, yaani ua ulio wazi uletao mwanga na upepo. Kisha kuna misana miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho chumba kiitwacho ndani, penye zidaka ukutani za kuweka vyombo vya Kichina. Kadiri mtu aingiavyo, sakafu hupanda kidogo, na mambo ya nyumba huzidi kuwa ya siri. Binti alipoolewa, babaye alimpa nyumba au kumjengea orofa juu ya ile ya zamani. Nyumba za ndugu ziliunganishwa kwa wikio, yaani daraja lililovuka juu ya kichochoro, wanawake wapate kutembeleana bila kuonekana. Hata katika birika la maji walifuga samaki wadogo, wapate kula viluwiluwi vya mbu.

Lakini nani alichimba mawe, akachoma chokaa, akabeba boriti? Kazi hiyo nzito ilitegemea sana watumwa. Wao pia walilima mtama na ufuta katika mashamba ya bara, na mali ya mashamba hayo ikageuka nakshi za ukutani. Katika nyumba nyingi, waungwana walikaa juu na watumwa wakalala chini. Majina ya matajiri wengi tunayajua; majina ya wale wa chini ni machache mno tuliyoachiwa.

Mwaka wa 1907 serikali ya Kiingereza iliondoa hali ya utumwa katika sheria za pwani ya Kenya. Tena reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilikuwa imekwisha kuvuta biashara upande huo. Mashamba yakafifia, na nyumba zikakosa mikono ya kuzitunza. Maana dari ya chokaa isipopakwa tena, mvua hupenya, boriti huoza, na dari ikianguka ukuta haudumu. Ndivyo zilivyobomoka nyumba nyingi za Pate, mji uliokuwa na fahari kuliko Lamu.

Mwaka wa 2001 Lamu ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Hiyo ni heshima kubwa, lakini orodha haipaki chokaa. Wengine hutengeneza kuta hizi kwa saruji, wakidhani ugumu ndio uimara. Kumbe saruji huzuia unyevu usitoke, na jiwe la matumbawe huliwa kwa ndani. Fundi ajuaye chokaa ni akiba kuliko mlango wa nakshi.

Basi, ninyi vijana, mkifika katika nyumba ya kale, msitazame zidaka tu. Teremkeni chini pia, mkawakumbuke waliolala huko. Kwa maana nyumba ile ni yao pia.