Neno Terekeza na Maandalio ya Safari ya Porini

Katika lugha ya misafara ya zamani lilikuwako neno ambalo vijana wengi wa leo hawalijui, nalo ni terekeza. Burton, aliyepita barani mwaka 1857, aliliandika tirikeza. Stanley akaliandika terekeza. Maana yake ni kuondoka mchana, watu wakiisha kupika na kula penye maji na kujaza vibuyu, wakatembea hata jioni, wakalala porini pasipo maji, na kesho yake wakayafikia maji mengine. Hivyo pori kavu lilivukwa pasipo mtu kufa kwa kiu.

Neno hili lina elimu ndani yake. Hawezi mtu kuterekeza ila ajue kwanza maji yako wapi, na habari hiyo huulizwa kwa wenyeji kabla ya kutoka. Chakula nacho kilihesabiwa: desturi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa kila mtu kila siku. Kirangozi alitangulia na bendera, na penye njia panda aliweka tawi katika njia isiyo yao, ili walio nyuma wasipotee.

Maandalio yakipunguka, hasara hukosa mpaka. Stanley alitoka Bagamoyo Novemba 1874, akilielekea Ziwa Viktoria. Januari 1875, alipokwisha kupita Ugogo, viongozi aliowaajiri walimtoroka. Njia ikapotea katika vichaka na mapito ya ndovu, na chakula kikaisha. Akawatuma watu wenye nguvu waende Suna kununua nafaka. Waliobaki, zaidi ya mia mbili, wakapikiwa uji mwepesi ndani ya sanduku la chuma. Watu kadhaa wakafa. Bwana mkubwa alifika ziwani tarehe 27 Februari, akasifiwa duniani. Waliolala porini ni wapagazi, ambao hawakuichagua njia ile.

Jambo hili latuhusu sisi walimu wa pande za Manchira, tunaowatoa wanafunzi kutembea mbali na vijiji. Nchi ya wanyama i karibu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, hapana ruhusa kutembea kwa miguu bila kibali na askari mwenye silaha. Hata nje ya mpaka wake, yatupasa kumwuliza mzee wa mahali habari za vivuko na wanyama, kuwaambia waliobaki nyumbani njia yetu na saa ya kurudi, kuchukua maji ya kutosha, kuwahesabu watoto, na kwenda kwa mwendo wa aliye dhaifu.

Wengine hulichanganya terekeza na telekeza, yaani kumwacha mtu pasipo kumwangalia. Sisemi kwamba maneno haya ni ndugu. Lakini kiongozi asiyejua la kwanza hujikuta amelitenda la pili, wala anayelipa si yeye.