Mraba wa Kasi Ulipiganiwa

Wasee, ile ½mv² mliyokariri Form Three haikushuka kutoka mbinguni. Watu wazima walizozana juu yake zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1686, Mjerumani Leibniz aliwaambia wafuasi wa Descartes wamekosea. Wao walipima nguvu ya kitu kinachosonga kwa kuzidisha uzito na kasi, basi. Leibniz akasema hapana, kasi uizidishe na yenyewe kwanza. Kukawaka! Waingereza wengi wakamkataa, maana alikuwa hasimu wa Newton wao. (Ukabila ni wa zamani.)

Karibu 1722, huko Leiden, Uholanzi, 's Gravesande akafanya kitu hata mtoto wa nasari anaweza: akadondosha mipira ya shaba kwenye udongo laini. Mpira ukifika na kasi mara mbili, shimo linakuwa mara nne. Kumbuka huyu alikuwa upande wa Newton, lakini aliona udongo akahama. Hapo ndipo siri ilipo: udongo unafanya kazi ya kuusimamisha mpira, na kazi hiyo ni sawa na nishati yote mpira ulikuja nayo.

Sasa leta hiyo Thika Road. Sheria za Michuki za 2004 zilifungia matatu kwenye 80 kwa saa. Dereva akitoka 40 akafika 80 anaona ameongeza mara mbili tu. Breki zile zile, lami ile ile, lakini zinahitaji umbali mara nne kuisimamisha. Umbali ukikosekana, anayevuka barabara ndiye anakuwa udongo.

Aliyeitetea hesabu hii Ufaransa ni mwanamke, Émilie du Châtelet, katika kitabu chake cha 1740. Mairan, katibu wa Akademia ya Sayansi ya Paris, ambayo haikuwa na mwanachama hata mmoja mwanamke, akamjibu hadharani, ati angesoma maandishi yake vizuri zaidi. Dada akamrudishia moto, naye kwa maandishi. Alifariki 1749 akiwa na miaka 42, siku chache baada ya kujifungua. Mimba yote hiyo alikuwa anakimbizana na tafsiri yake ya Newton kwa Kifaransa, na aliimaliza. Ilichapishwa yote 1759.

Ile nusu ya mbele? Hiyo ni Coriolis, 1829, Mfaransa aliyelipa pia neno "kazi" maana mnayoandika kwenye mtihani.